Bibi Freya Dinshah na Vipimo vya Jikoni

Yeyote aliyekaa katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, katika Palma au Mocímboa da Praia, anajua kwamba huko kitoweo ni samaki. Lakini pepo za kusi zikikaza na madau yakashindwa kutoka, jiko halizimwi. Kisamvu hutwangwa kinuni, hupikwa kwa muda mrefu ili sumu ya muhogo iishe, kisha hutiwa karanga zilizopondwa na tui la nazi. Watu wa Msumbiji hukiita matapa. Kisipotiwa kamba wala kaa, hakina chembe ya mnyama ndani yake, na mpishi wake hadhani kwamba amefuata madhehebu yoyote.

Ulaji huo ulipewa jina Uingereza, mwezi wa Novemba 1944. Donald Watson, aliyekuwa mwalimu wa useremala, na wenzake wachache walijitenga na wala mboga waliokuwa wakinywa maziwa na kula mayai, wakajiita vegani. Jina likapatikana, mapishi yakahitaji watu wa kuyafundisha.

Mmoja wao ni Freya Dinshah, mzaliwa wa Uingereza, aliyevuka bahari mwaka 1960 akaolewa Marekani na Jay Dinshah, ambaye baba yake alitoka Bombay. Jay aliacha vyakula vyote vya wanyama baada ya kuingia machinjioni Philadelphia mwaka 1957, na mwaka 1960 akaanzisha chama cha vegani wa Marekani, kilichokuwa na makao yake Malaga, New Jersey. Jay alisafiri na kuhutubu, na ndiye atajwaye kwanza. Mimi naona kwamba hotuba humvuta mtu kwa siku moja. Kesho yake ataulizwa na watoto wake watakula nini. Jibu la swali hilo Freya alilitoa mwaka 1965 katika kitabu chake The Vegan Kitchen, na katika madarasa yake ya upishi. Jay alipofariki mwaka 2000, Freya ndiye aliyeshika uongozi wa chama.

Mtihani wake mkubwa ulikuja Agosti 1975, mkutano wa dunia wa wala mboga ulipofanyika katika Chuo Kikuu cha Maine, mjini Orono. Watu wapatao 1,500 walipaswa kulishwa, na wapishi wa chuo walikuwa wamezoea nyama. Freya akawafundisha. Waliowahi kusimama penye masufuria ya harusi wataelewa uzito wa kazi hiyo. Mapishi ya watu sita hayazidishwi tu kwa hesabu: chumvi na viungo haviongezwi kwa kadiri ileile, chungu kikubwa huchelewa kuchemka, na chini huungua kabla ya juu kuiva. Freya alivipima vyakula hivyo upya, akaviandika katika kitabu kingine, cha kuwapikia watu mia moja.

Na sisi je? Pwani haikukosa wapishi wa watu mia. Yuko mama mtu mzima ambaye huitwa kila penye arusi. Kisamvu cha mtaa mzima hukikadiria kwa jicho, akajua nazi ngapi zikunwe na kasimile itiwe lini isikatike. Wanafunzi wake ni mabinti wanaokaa juu ya mbuzi wakikuna, wakimtazama. Elimu hiyo hutaka jiko moja na watu waliokaa pamoja. Vita vilivyovunja mikusanyiko hiyo vilianza tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa. Kimbunga Kenneth kikapiga Aprili 2019, na Palma ikavamiwa Machi 2021. Maelfu kwa maelfu wakakimbilia Pemba, Metuge na Montepuez, mwalimu wa upishi huku na mabinti zake kule. Kwa wale wetu wanaofundisha watoto wa wakimbizi hao, daftari na kalamu vipo mkononi, na bibi zao wangali wakikumbuka hesabu ya nazi.