Umeme wa Ruzizi uliishia Uvira: sasa paa za Fizi zinategemea jua

Ndugu wasikilizaji, pamoja na ninyi familia mliokimbia vita mkafikia huku kwetu, kila giza linapoingia swali ni lile lile: kwa nini Baraka haina waya wa SNEL?

Turudi nyuma. Mwaka 1952 Wabelgiji waliunda shirika la OCA, lijenge nyumba za serikali katika miji mikubwa. Bukavu ikapata mtaa wa Bagira. Mwishoni mwa miaka hiyo bwawa la Ruzizi I likaanza kutoa umeme, na 1989 ikaja Ruzizi II, ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Waya ulishuka bondeni hadi Uvira, ukasimama. Kutoka pale hadi Baraka ni kama kilomita 90 za kando ya ziwa. Umeme ulifuata ofisi na viwanda. Mvuvi na mkulima wa Fizi hawakuhesabiwa. Kisha tukapata uasi wa 1964, msitu wa Hewa Bora wa Laurent-Désiré Kabila, vita vya 1996 na vya 1998. Nani angesimamisha nguzo?

Tukabaki na taa ya petroli na mawe ya radio. Mwenye uwezo aliwasha grupu, mafuta yakiisha nayo inazima. Ndugu zetu walioanza kurudi kwa meli kutoka Kigoma, Oktoba 2005, walikuta giza lile lile walilolikimbia. Plaki ya sola wakati huo ilikuwa ghali. Kati ya 2010 na 2020 bei yake duniani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80, na sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ikaondoa ukiritimba wa SNEL. Mlango ukafunguka kwa watu binafsi.

Nyumba za umma nazo? Kwetu, zilizo karibu zaidi na hizo ni za kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa 2015 kwa wakimbizi wa Burundi, na Mulongwe iliyofuata Lusenda ilipojaa. Anayelala ndani si mwenye nyumba. Ugumu wote uko hapo. Plaki ndogo unaibeba kichwani ukikimbia, lakini ile kubwa imefungwa juu ya paa, utaiacha kwa nani? Huko Jordan, kambi ya Azraq ilijengewa mtambo wa jua wa megawati 2 mwaka 2017, chini ardhini, ukiunganishwa na nyumba kwa waya. Familia ikiondoka, haina cha kung'oa. Mimi naona njia hiyo inafaa zaidi kuliko kugawa plaki moja moja, ingawa inahitaji fundi anayekaa palepale, na fundi anataka mshahara.

Halafu kuna batiri, ambayo wafadhili huisahau. Plaki nzuri inapita miaka 20. Batiri ya risasi, kama ile ya gari, ikimalizwa kabisa kila usiku inakufa mapema sana. Isishushwe chini ya nusu. Ya lithiamu inavumilia zaidi, ila bei yake ni kubwa.

Kwa hiyo wakija watu kupima paa lenu, waulizeni kabla ya kutia sahihi: batiri ya pili atainunua nani, na familia ikihama, plaki inabaki mikononi mwa nani?