Picha za Ubongo na Wagonjwa wa Akili

Mwaka 1895 mwalimu Röntgen, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, aligundua miali inayopita nyama ya mwili na kuonyesha mifupa. Wanganga wakafurahi, lakini wenye kutunza wagonjwa wa akili hawakupata faida kubwa. Ubongo umefungwa ndani ya fuvu kama feza ndani ya kasha: kasha likaonekana, feza haikuonekana.

Basi wakatafuta njia nyingine. Mwaka 1918 munganga Dandy wa Baltimore, Marekani, alitia hewa katika vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo, ili vionekane katika picha. Mwaka 1927 Jacobi na Winkler, wa Jena, walitumia hewa vilevile kwa wagonjwa 19 wa skizofrenia. Katika 18 waliona vyumba vile vimepanuka. Mwaka huohuo Egas Moniz wa Lisbon, Ureno, alitia dawa katika damu, na mishipa ya ubongo ikaonekana. Kwa picha hizo wanganga waliweza kutambua uvimbe uliofichwa.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Mwaka 1935 Moniz huyohuyo alianza kuagiza wagonjwa wa akili wakatwe nyuzi za ubongo upande wa mbele. Hakuna picha iliyomwonyesha ugonjwa mahali pale. Alifuata mawazo yake tu. Hata hivyo mwaka 1949 alipewa zawadi ya Nobel. Katika nchi nyingi wagonjwa wakakatwa: wengine walitulia, wengine walibaki kama taa iliyozimwa, bila hamu wala utashi. Septemba 1952 Papa Pius XII aliwaambia wanganga waliokutana Roma ya kwamba faida ya elimu haihalalishi kila jambo. Mgonjwa si bwana kamili wa mwili na roho yake. Naye munganga hana haki juu yake kupita ile aliyopewa na mgonjwa.

Kiisha zikaja masini mpya. Tarehe 1 Oktoba 1971, London, masini ya Hounsfield ilipiga picha ya ubongo wa mgonjwa wa kwanza. Cormack, aliyegawana naye zawadi ya Nobel mwaka 1979, alizaliwa Johannesburg, katika Afrika yetu. Mwaka 1976 Johnstone na wenzake, Uingereza, waliona tena kwa masini hiyo vyumba vilivyopanuka. Mwaka 2005, Toronto, Mayberg na wenzake, wakiongozwa na picha, waliweka nyuzi za umeme katika ubongo wa watu 6 wenye huzuni kubwa isiyosikia dawa. 4 walipata nafuu. Lakini jaribio kubwa zaidi, lililotangazwa mwaka 2017, halikuonyesha tofauti ya hakika kati ya waliowashiwa umeme na wasiowashiwa.

Tujifunze nini? Kwanza, ubongo nao huugua kama moyo au ini. Aliye na wazimu asifungwe kamba, wala jamaa yake wasisingiziwe uchawi. Pili, hata leo picha peke yake haitambui skizofrenia ya mtu mmoja. Tofauti huonekana katika kundi, na mgonjwa mmoja aweza kufanana na mwenye afya. Kwa hiyo munganga hana budi kuketi na kumsikiliza mgonjwa.

Nasi mapadri, tukiletewa mtu wa namna hii, tusitosheke na maji ya baraka. Tumwombee, tumpeleke kwa munganga, tena tumwulize yeye mwenyewe, kwa luga anayoisikia, anataka nini.