Karafuu na Kimsumari

Mswidi anayetia kryddnejlika, yaani karafuu, katika mvinyo wa moto wa Krismasi huwa anataja msumari, pengine bila kujua. Neno hilo, pamoja na nellike la Kidenmaki na nellik la Kinorwe, limetoka katika Kijerumani cha Kaskazini cha zama za kati, lugha ya wafanyabiashara wa Hansa, na asili yake ni kimsumari. Watu wa Iceland ndio hawafichi kitu: negulnagli, na nagli ni msumari waziwazi. Huko Sweden na Denmark jina likahamia hata kwenye ua la bustanini linalonukia hivyohivyo.

Mtambile, kusini mwa Pemba, msumari huo huonekana mwishoni tu. Mtini karafuu ni kishada cha vitumba vya kijani vinavyoanza kuona haya wekundu. Mchumaji hukiangua kabla hakijachanua, jioni watu wa nyumba wakakaa kuchambua, vitumba huku, makonyo kule. Kisha ni jamvi na jua, siku nne au tano ikiwa mvua haikufanya ukorofi, hadi kitumba kiwe cha kahawia na kikatike kwa sauti. Watu wa Kaskazini walikipokea kikiwa kikavu tayari, wakakiita walivyokiona.

Jina letu halisemi lolote juu ya umbo. Ni qaranful la Kiarabu, ambalo Imru' al-Qays alilitaja katika ushairi wake karne ya 6. Mikarafuu yenyewe, asili yake visiwa vya Maluku, ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mapokeo humtaja Saleh bin Haramil al-Abry kuwa ndiye aliyeileta. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao lenyewe, kwa jasho la watumwa hadi utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897.

Neno likishazoeleka hubebeshwa hata visivyo vyake. Karafuu maiti si karafuu kabisa. Ni kafuri, itokanayo na mti mwingine wa Asia, itumiwayo kumwoshea maiti.

Kwangu mimi, Upemba wa zao hili haumo katika jina lake bali katika maneno ya kazi: kuchuma, kuchambua, kuanika, makonyo. Hayo ni Kibantu kitupu. Makonyo, ambayo mgeni angeyadhani takataka, yana kiwanda chake Wawi, Chake Chake, yanakokamuliwa mafuta. Karafuu kavu hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, kwa kilo. Lakini mchumaji aliyeteremka mtini na mbichi yake bado huhesabiwa ujira kwa pishi.