Mgeni wa Huancayo, Bahati

Hapa Bahati tulikuwa tumezoea maadui wa nyanya: baridi, mnyauko, madalali. Huyu nondo alikuja baadaye. Mwingereza Edward Meyrick ndiye aliyemweleza kitaalamu mwaka 1917, kutokana na nondo wa Huancayo, Peru, kwenye milima ya Andes, upande uleule wa dunia ilikotoka nyanya yenyewe. Mwaka 2006 alionekana Hispania. 2014 akaripotiwa Kenya. Wataalamu humwita Tuta absoluta.

Ukimwona utamdharau. Urefu wake ni milimita 5 hadi 7, mbawa za kijivu zenye madoa meusi, na vipapasio vyenye pingili kama shanga. Mchana hujibanza chini ya majani. Mharibifu hasa ni kiwavi wake: huingia ndani ya jani, akala nyama yake na kuacha baka jeupe linaloonyesha mwanga, kisha hutoboa tunda karibu na kikonyo, palepale mnunuzi anapoangalia kwanza.

Dawa tulizozoea hazikumtisha. Mtego wenye harufu ya jike, juu ya beseni la maji ya sabuni, huwanasa madume tu. Jike aliyekwisha kupandwa anaweza kutaga mayai hadi 260, kwa hiyo majani yenye mabaka tunayachuma na kuyachoma.