"Thou" si neno la heshima, jamani!

Mitihani inanukia na wanafasihi hapa chuoni wanahangaika na Shakespeare. Ukipita maktaba jioni unamsikia mtu anasoma "thou" kwa sauti ya askofu. Leo acha niseme yangu kuhusu hilo neno, maana kuna watu waliwekwa ndani kwa ajili yake. Sitanii.

Wengi wetu tumelikuta kwenye Biblia ya Kiingereza cha zamani na nyimbo za kanisani, basi tunaona ni neno la kumtukuza mtu. Kumbe "thou" ni wewe tu, mtu mmoja, na "ye" au "you" ni nyinyi. Yaani kama sisi, unakuja na mnakuja hazichanganywi. Halafu Wanormani wakaiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa, na kufikia karne ya 13 ikaanza kuingia ile tabia ya Wafaransa ya kumsemesha mkubwa mmoja kana kwamba ni wengi. Mkubwa akawa "you". Mtoto, mtumishi, mpenzi, hata mbwa, hao ni "thou". Na ukimwita hivyo mtu mzima mwenye hadhi yake, umemtukana.

Mwaka 1603 Sir Walter Raleigh alishtakiwa kwa uhaini kule Winchester. Mwendesha mashtaka, Edward Coke, akamrushia "thou" makusudi mbele ya watu wote, tena akaligeuza kitenzi, kwamba mimi nakuita "thou" wewe msaliti. Piga picha mtu anamwambia mzee wa watu "we!" barazani.

Sasa miaka ya 1650 wakatokea Marafiki, wale wanaoitwa Quaker (ndugu zetu wa magharibi ya Kenya wanawajua vizuri, walifika Kaimosi 1902). Wao walisema binadamu wote sawa, kwa hiyo hakimu ni "thou", tajiri ni "thou", na kofia hatuvui. Walipigwa, wakatupwa jela. George Fox na wenzake hawakukoma, mwaka 1660 wakatoa kitabu kizima cha kufundisha umoja na wingi, kikiwa na mifano ya lugha kibao! Mimi hapo nawavulia kofia, ingawa wenyewe wasingependa.

Mbona basi leo linasikika la kutukuza? Ni kwa sababu Biblia ya mwaka 1611 ilifuata Kiebrania na Kigiriki, ambazo zinatenganisha umoja na wingi. Ndani yake Mungu ni "thou", mfalme ni "thou", na shetani naye vilevile. Kisha mtaani neno likafifia katika karne hiyo hiyo ya 17, likabaki kanisani, kwenye mashairi na kwenye lahaja za kaskazini kama Yorkshire. Kitu ukikisikia kanisani tu, utakiona kitakatifu.

Ukishajua hilo, soma tena Hamlet, tendo la tatu, onyesho la nne. Mama anamlaumu mwanawe kwamba amemuudhi baba, yaani baba wa kambo, na anamwita "thou" kama mama yeyote kwa mtoto wake. Kijana anamrudishia maneno yale yale karibu yote, ila yeye anasema "you". Kwa kawaida mtoto kumwita mama "you" ni adabu. Lakini baada ya ule wito wa kinyumbani, ni kama mlango umefungwa. Na mama amesikia, maana sentensi yake inayofuata naye amehamia "you". Ugomvi mzima umeanza kwa kiwakilishi, bado hata panga halijachomolewa.

(Na "wherefore" ya Juliet ni kwa nini, si wapi. Hamtafuti Romeo, anauliza kwa nini awe Romeo, mtoto wa maadui. Tuliache hilo.)

Kinachonisumbua ni tafsiri. Mwalimu Nyerere alitupa Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akairudia kama Juliasi Kaizari, akatoa na Mabepari wa Venisi. Lakini Kiswahili kina wewe moja tu kwa mtu mmoja. Heshima yetu tunaiweka kwingine, kwenye shikamoo, mzee, mama, dada. Kwa hiyo Hamlet na mama yake wote watasema "umemuudhi", na ule ubaridi unapotea. Mie ningemfanya mama aanze na "mwanangu", halafu kijana ajibu "Malkia". Nyie mngefanyaje?