Picha Iliyoingia Ndani: Historia Fupi ya Televisheni Bapa na Chumba cha Kulala

Kila chombo kiingiacho nyumbani kina historia yake, na historia hiyo aghalabu haianzi siku ya kununuliwa. Mtu aendaye dukani leo kuchagua televisheni bapa ya kutundika chumbani mwake hudhani kwamba anaamua jambo dogo: inchi ngapi, bei gani, na msumari upigwe wapi. Kwa hakika anahitimisha safari iliyochukua zaidi ya karne moja, safari ya picha iendayo kutoka uwanjani hadi sebuleni, na kutoka sebuleni hadi kitandani. Katika makala hii nakusudia kuifuata safari hiyo hatua kwa hatua, kisha kuuliza tumepata nini na tumeacha nini. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Yafaa basi tutazame kwanza vilivyoundwa.

Na tuanze na ukuta wenyewe, kwa kuwa ukuta wa ndani ulikuwa na heshima yake kabla ya televisheni kuzaliwa. Katika nyumba za mawe za Lamu, hasa zile zilizojengwa katika karne ya 18, mgeni alipokelewa barazani penye daka. Aliyekaribishwa zaidi alipita kiwandani, akafika msana. Na huko nyuma kabisa ndiko kulikokuwa na ndani, mahali pa wenyewe. Ukuta wa ndani ulipambwa kwa zidaka za chokaa zilizochongwa kwa ustadi, na ndani ya zidaka ziliwekwa sahani na bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka Uchina. Kwa hiyo desturi ya kuweka kitu king'aacho kutoka mbali katika ukuta wa chumba cha siri si ngeni kwetu. Lakini ipo tofauti moja kubwa. Kaure haikusema. Ilitazamwa ikanyamaza, na wenye nyumba wakaendelea na mazungumzo yao.

Televisheni ilizaliwa kuwa kitu cha kutazamwa na wengi. Bomba la kioo lililoiwezesha lilitengenezwa na Karl Ferdinand Braun huko Ujerumani mwaka 1897. Mwezi Januari 1926 John Logie Baird aliwaonyesha wataalamu wa London picha zilizosafirishwa kwa umeme, na mwezi Novemba 1936 BBC ikaanza matangazo ya kawaida kutoka Alexandra Palace. Katika nchi zetu Kenya ilitangulia mwaka 1962, ikafuatiwa na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilianza katika mwaka 1973 na 1974, wakati wa urais wa Aboud Jumbe, na tena ikaanza kwa picha za rangi. Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote cha televisheni mpaka mwaka 1994, ilipokuja ITV pamoja na vituo vingine vya watu binafsi. Televisheni ya taifa ilifuata baadaye. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imechagua redio, chombo kilichomfikia mkulima kijijini kwa gharama ndogo, badala ya picha ambazo zingetazamwa na wachache mijini.

Seti zilipokuwa chache, mwenye seti hakuwa mtazamaji peke yake. Jioni watoto wa jirani walijaa mlangoni, na wakubwa wakaletewa viti; na pale ambapo hapakuwa na jirani wa namna hiyo, palizuka vibanda vya video ambavyo vijana walivipa jina la vibanda umiza, kwa jinsi watu walivyobanana humo. Katika baadhi ya vibanda hivyo palikuwa na mfasiri, mtu wa maneno mengi na sauti nzito, aliyezigeuza filamu za kigeni kuwa hadithi za Kiswahili, akazitia mizaha na methali. Kutazama wakati huo kulikuwa ni kusikilizana. Aliyeelewa alimweleza asiyeelewa, na aliyecheka aliwachekesha wenzake.

Umbo la chombo nalo lilisaidia kukiweka mahali pa watu wote. Watu wetu waliiita televisheni ya kale televisheni ya chogo, na hapana jina lililo sahihi kuliko hilo. Ndani ya bomba la Braun chembe za umeme hufyatuliwa kutoka nyuma zikapige kioo cha mbele, nazo huhitaji masafa ili zipindwe mpaka zifike pembe zote za kioo. Kwa hiyo kioo kilivyozidi kuwa kipana ndivyo chogo kilivyozidi kurefuka, na uzito nao ukazidi. Chombo kama hicho kilitaka meza imara na pembe ya sebule. Chumbani, penye kitanda na kabati, hakikuwa na pa kukaa. Twaweza kusema bila ya kutia chumvi kwamba kwa muda wa miaka hamsini chogo kilikuwa ndicho bawabu wa chumba cha kulala.

Bawabu huyu aliondolewa na elimu mbili zilizokuwa zimelala kwa miaka mingi. Ya kwanza ilianza mwaka 1888 huko Prague, ambako mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akichunguza kitu kipatikanacho katika karoti, aliona kwamba kiliyeyuka mara mbili: kwa joto la nyuzi 145 kikawa kiowevu chenye ukungu, na kwa nyuzi 178 kikawa safi. Katika hali ile ya katikati kilikuwa maji na fuwele kwa pamoja. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa ajabu ya maabara tu, mpaka mwaka 1968, wakati kampuni ya RCA ya Marekani ilipotangaza vioo vya fuwele oevu vilivyotokana na kazi ya George Heilmeier na wenzake. Elimu ya pili ni ya plasma, yaani gesi iwashwayo katika vijumba vidogo sana. Hiyo ilizaliwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois kwa kazi ya Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson, waliokuwa wakitafuta kioo cha kufundishia wanafunzi kwa kompyuta. Ni jambo la kutia moyo kwetu walimu kwamba mmoja wa wazee wa televisheni bapa alizaliwa kwa haja ya darasa.

Televisheni bapa kubwa za plasma zilipofika madukani mnamo mwaka 1997 zilikuwa mali ya matajiri. Lakini viwanda vya Japani, Korea na Taiwani vilishindana, bei ikashuka, na mwishoni mwa mwaka 2007 televisheni za fuwele oevu zilianza kuuzwa kwa wingi kuliko za chogo duniani. Plasma nayo haikudumu. Panasonic, iliyokuwa mtengenezaji wake mkuu, iliacha kuitengeneza mwishoni mwa mwaka 2013. Mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa taa ya buluu ya LED, ambayo ndiyo mama wa taa nyeupe ziangazazo nyuma ya vioo vya televisheni nyingi za leo. Yafaa mnunuzi ajue jambo hili, maana muuzaji humwambia kwamba LED ni kitu kingine kabisa. Sivyo. Televisheni nyingi ziitwazo LED ni za fuwele oevu vilevile. Kilichobadilika ni taa ya nyuma.

Sababu nyingine iliyoharakisha mabadiliko kwetu ni mkataba wa Geneva wa mwaka 2006, ulioweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya mfumo wa zamani katika nchi nyingi. Tanzania ilianza kuyazima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Chogo hakikufa siku hiyo, kwani kiliunganishwa na king'amuzi kikaendelea. Lakini mtu aliyekwisha kulazimika kununua king'amuzi alijiuliza kama haukuwa wakati wa kununua na kioo kipya.

Sasa tufike chumbani. Hapa lazima tujihadhari tusichukue maana ya chumba cha kulala kutoka nchi nyingine. Katika majumba ya matajiri televisheni ya chumbani ni ya pili au ya tatu. Lakini katika nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, yenye vyumba sita vilivyopangwa huku na huku ya ukumbi, mara nyingi chumba kimoja ndicho nyumba nzima ya mpangaji: ndimo alalamo, ndimo alamo, ndimo apokeamo wageni. Kwa mtu huyo televisheni bapa si anasa iliyoongezwa. Chogo kingemnyang'anya robo ya sakafu. Kioo bapa kinamwachia sakafu yake yote. Tena kioo cha inchi 32 chenye taa za LED hutumia kiasi cha wati 30 hadi 50, ambapo chogo kikubwa kilikula 100 au zaidi. Na palipo na mita moja ya umeme kwa wapangaji wengi, tofauti hiyo ni amani ya ukumbini.

Uchaguzi mwema wataka hesabu kidogo. Inchi za televisheni hupimwa kwa ulalo, wala si kwa upana. Chogo cha inchi 21, chenye umbo la nne kwa tatu, kilikuwa na kimo cha sentimita 32 hivi. Kioo bapa cha inchi 24, chenye umbo la kumi na sita kwa tisa, kina kimo cha sentimita 30 tu. Aliyedhani ameongeza amepunguza. Ama kuhusu wingi wa nukta, jicho zima huweza kutenganisha nukta mbili zikiachana kwa sehemu moja ya sitini ya nyuzi. Kwa hesabu hiyo, kioo cha inchi 32 chenye mistari 720 hudhihirisha nukta zake kwa mtu aliye karibu kuliko mita 1.9, chenye mistari 1080, karibu kuliko mita 1.3, na chenye mistari 2160, karibu kuliko sentimita 63. Mtu alalaye mita mbili na nusu kutoka ukutani, akilipa zaidi kwa ajili ya mistari 2160 katika kioo cha inchi 32, ananunua kitu ambacho jicho lake haliwezi kukiona.

Lililo muhimu zaidi kwa chumbani ni pembe ya kutazama. Sebuleni watu hukaa wima mbele ya kioo. Kitandani mmoja yuko upande, mwingine kichwa chake kiko chini. Vioo vya fuwele oevu haviko sawa katika jambo hili: vingine hushika rangi zake hata vikitazamwa kwa upande, na vingine hufifia, na vya aina ya kale hugeuka giza vikitazamwa kutoka chini. Mnunuzi asiyejua majina ya kitaalamu asione haya kusogea pembeni dukani, kisha achuchumae na kutazama juu. Kizuri chajiuza, kama rangi zimegeuka, na aende mbele.

Lipo na suala la usiku. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mwanga wa buluu ndio uzuiao zaidi mwili kutoa melatonini, homoni ijulishayo mwili kwamba usiku umeingia. Kioo kinachopunguza mwanga wake vizuri, na chenye saa ya kujizima, chafaa chumbani kuliko king'aacho sana. Na ule mng'ao mkali wa dukani umekusudiwa kushindana na taa za duka, haukukusudiwa giza la saa nne usiku.

Haya yote ni mambo ya chombo. Yaliyobaki ni mambo ya watu, nayo ndiyo mazito. Tukiitazama historia hii kwa ujumla twaona kanuni moja: kila chombo kilipokuwa chembamba kilikwenda ndani zaidi, na kila kilipokwenda ndani zaidi watazamaji walipungua. Kibandani walikuwa hamsini, sebuleni wakawa kumi, chumbani ni wawili au mmoja. Aliyepoteza zaidi katika hesabu hiyo, kwa maoni yangu, ni mtoto. Mtoto aliyetazama pamoja na bibi yake alipata picha, akapata na maelezo: neno gumu lilifasiriwa, tendo baya lilikemewa, methali ilipata mahali pake. Mtoto atazamaye peke yake hupata picha tupu. Sisi tufundishao Kiswahili vyuoni twalalamika mara nyingi kwamba vijana wana msamiati mchache, tukailaumu shule. Huenda tungeitazama pia sebule iliyohamwa.

Hata hivyo si haki kuililia sebule kana kwamba ilikuwa pepo. Sebuleni aliyeshika kidhibiti ndiye aliyetawala, na mara nyingi hakuwa mama wala binti. Mke aliyechoka kwa kazi ya kutwa, akipata nusu saa ya mchezo wa kuigiza aupendao chumbani mwake bila ya kuombwa chai, amepata kitu ambacho sebule haikumpa. Na mpangaji wa chumba kimoja hana sebule ya kuhama.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Mwenye chumba kimoja na achague kwa hesabu tuliyoieleza, tena akiweke kioo mahali ambapo mgeni aketiye kwenye mkeka naye aweza kukiona. Mwenye sebule na chumba ajiulize kwanza, kabla ya kuuliza inchi, ni nani hatakuwapo atakapokuwa akitazama. Wazee wa Lamu waliyatia mapambo yao ndani kabisa, lakini baraza waliiacha nje, na watu waliendelea kukaa juu yake na kuzungumza. Kioo chaweza kuingia ndani. Baraza isiingie pamoja nacho.