Njia ya Kuendea Baharini

Msomaji, ukitoka kisiwani Mombasa ukavuka daraja la Nyali, hukawii kufika Kengeleni, penye kengele ya Frere Town. Ni katika mtaa huo wa Kisauni ambapo mnamo mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza waliwapa makao watu waliokombolewa utumwani, na kengele hiyo ililia kuwatahadharisha wasije wakatekwa tena. Hawakuwa na mali, lakini bahari ilikuwa karibu, wala hapakuwa na ukuta kati yao na maji.

Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. Magari yakavuka kwa wepesi, na ardhi ya pwani ikapanda thamani. Mwaka 1946 ikafunguliwa Hoteli ya Nyali Beach. Zamani zile Mwafrika aliingia katika hoteli za Wazungu kwa mlango wa kazi tu: kupika, kufua, kufagia. Ubaguzi huo ulikuwa mbaya, ila angalau haukujificha.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, ubaguzi wa rangi ulipoteza nguvu ya sheria. Kuta, hata hivyo, zilizidi, maana watalii waliongezeka na hoteli zikapangana toka Nyali hata Bamburi na Shanzu. Tazama jinsi ukuta unavyofanya kazi. Haumwulizi mtu kabila wala rangi. Mwenye fedha hupita langoni akaamkiwa na bawabu. Mvuvi mwenye wavu begani hana budi kuzunguka mpaka apate kichochoro, na pengine hukuta nacho kimezibwa. Tena penye ukuta uliojengwa karibu mno na bahari, maji ya bamvua yakijaa hupiga msingi wake, na hata aliyekwisha kufika ufukoni hana pa kupita.

Wala si kwamba sheria imenyamaza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yasema kuwa ardhi yote iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa ni ardhi ya umma. Basi mchanga ule ni wako na wangu. Lakini aya hiyo yataja mchanga. Njia ya kuufikia haikuitaja, na hapo ndipo mwenye ukuta apatapo nafasi yake.

Siku ya Idi nenda Bamburi, kwenye ufuko wa umma uitwao Jomo Kenyatta. Utawakuta watu wa Kisauni, Changamwe na Likoni wamesongamana, watoto wakielea juu ya mipira ya magurudumu. Kisha, maji yakiwa yamekupwa, tembea ufukoni kuelekea Nyali, ukihesabu vichochoro vilivyo wazi.